Bingwa wa NASCAR na tairi zisizolingana

SWALI: Nina gereji Kizota, Dodoma. Jimmie Johnson, bingwa wa NASCAR (mbio za magari za Marekani), alianza na pikipiki na magari ya jangwani. Aliwezaje kutawala lami? Na ni kweli tairi za kulia za magari ya NASCAR ni kubwa kuliko zile za kushoto?

JIBU: Ni kweli. Kwenye viwanja vya duara kona ni za kushoto tu, hivyo tairi ya nyuma kulia ikiwa na mzingo mkubwa kidogo, gari huvuta kushoto lenyewe. Upepo ndani ya tairi za kushoto pia huwa mdogo. Usijaribu kwenye Noah ya mteja: difu (giya zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) itasagana hata barabara iliyonyooka, ipate moto na kulika.

Vumbi lilimzoesha Johnson gari linaloteleza mkia. Msimu wake kamili wa kwanza, 2002, alishinda mbio 3 na gari namba 48 la timu ya Hendrick Motorsports. Ila bila Chad Knaus, fundi mkuu wake, tusingemzungumzia hivi. Mkia ukiteleza, spana ndefu hupitishwa kioo cha nyuma kurekebisha springi, uzito uongezeke kulia-mbele na kushoto-nyuma. Gari likigoma kukata kona, uzito huo hupunguzwa. Ubingwa aliuchukua 2006 hadi 2010 mfululizo, kisha 2013 na 2016: mataji 7, sawa na madereva Richard Petty na Dale Earnhardt.