Kulala hemani Shimba Hills

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi na wanangu wawili tungependa kulala hemani msituni, karibu na mto, bila kusafiri mbali. Twende wapi, na tujihadhari na nini?
Mama wa Kisauni

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yetu. Vukeni Likoni mwende Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu 1968, iliyo juu ya vilima vya Kwale takriban kilomita 30 kutoka mjini Mombasa, ambako msitu wa pwani ungali mzito na maporomoko ya Sheldrick huanguka mita 21 hivi. Hema lisimamisheni katika uwanja uliotengwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kamwe si ukingoni mwa maji, kwa sababu ndovu hushuka kunywa usiku, na mvua ikinyesha vilimani mto hufura mkiwa usingizini. Chakula kisilale hemani. Nyani hawaogopi kuchana turubai.

Wachukulieni watoto sweta, maana alfajiri ukungu hulowesha hema likawa kama nguo iliyotoka kwenye beseni, jambo ambalo sisi wa kisiwani hatukulizoea. Maporomokoni mteremke pamoja na askari wa wanyamapori. Mkibahatika mtamwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya hapatikani penginepo.