Maswali ya Wasomaji: Ndege Waliohesabiwa Januari

SWALI: Kando ya mtaa wetu hapa Mtwapa, Kaunti ya Kilifi, kuna kiwanja cha minazi na mikwaju ya zamani kinachoteremka hadi kwenye mikoko. Kila masika kwera hujaa minazini, na yangeyange hutaga juu ya mikwaju. Sasa kampuni moja inataka kujenga fleti hapo. Ripoti yake ya tathmini ya athari kwa mazingira inaeleza kuwa mtaalamu alifika asubuhi moja ya mwezi wa Januari, akaorodhesha ndege aliowaona, na akahitimisha kwamba hakuna viota vyenye umuhimu na kwamba miti mingine itapandwa baada ya ujenzi. Je, tuiamini ripoti hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, orodha hiyo yaweza kuwa ya kweli kutoka jina la kwanza hadi la mwisho na bado isitoe jibu linalotakiwa. Januari pwani ni kaskazi na ukavu, na wengi wa ndege wanaoonekana mikokoni wakati huo ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, ambao hawatagi kwetu na ambao kufikia Aprili au Mei huwa wamekwisha kurejea kwao. Kwera na yangeyange mnaowajua ninyi hungoja mvua. Kwa hiyo mtaalamu aliyetaka kujua kiwanja kina thamani gani kwa ndege wanaozaliana alipaswa kufika zaidi ya mara moja wakati wa masika, na tena wakati wa vuli, alfajiri, akisimama mahali pale pale kila mara ili hesabu ziweze kulinganishwa.

Hata hesabu ya viota yenyewe ina mtego. Ukisimama chini ya mnazi wenye kwera, utamwona dume akichana nyuzi za makuti mabichi, akizisokota na kuning'inia kichwa chini mlangoni pa kiota chake huku akipiga mabawa kumwita jike. Jike huingia, hukagua, na mara nyingi huondoka. Kiota kilichokataliwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, na baadaye dume mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine. Mnazi wenye viota vingi unaweza basi kuwa na vifaranga vichache, na mwenye kuhesabu vifurushi vya nyasi tu amepata idadi isiyo na maana. Dalili za kutafuta ni jike anayeingia na mdudu mdomoni, maganda ya mayai chini ya mti, na sauti za vifaranga. Yote hayo huonekana kwa darubini na subira, bila mtu kupanda mti na kuwatia ndege hofu.

Jambo la pili, ambalo ripoti nyingi hulipita mbio, ni yale yanayofuata nyumba zikishakaliwa. Yangeyange hulala na kutaga mtini lakini hula kwingine, kwenye nyasi za malisho na matope ya kando ya maji. Ripoti inayoishia kwenye ua wa kiwanja haiwezi kueleza watakula wapi. Fleti huleta taka, na taka huleta kurabu, yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima, ambaye ni mwizi mashuhuri wa mayai na makinda. Kama mpango wa taka haukutajwa katika sura ya ndege, sura hiyo haijakamilika.

Kusini mwa Uingereza, katika nyika za Thames Basin Heaths, ambako aina tatu za ndege hutaga ardhini au kwenye vichaka vifupi, sera za mipango miji huzuia nyumba mpya ndani ya mita 400 kutoka kwenye hifadhi kwa sababu ya paka, mbwa na matembezi ya watu, na ndani ya kilomita 5 wajenzi hutakiwa kuchangia maeneo mbadala ya kutembelea, kwa kiwango cha hekta 8 kwa kila wakazi wapya 1,000. Sisemi mita hizo zihamishiwe Mtwapa kama zilivyo. Nasema tu kwamba huko swali la jirani aliye nje ya ua liliulizwa.

Kuhusu miti mipya, mche wa mkwaju hauwezi kubeba kiota cha yangeyange leo wala kesho. Dai mikwaju iliyopo ibaki, majengo yasogezwe mbali nayo, na ukataji wowote usifanywe wakati wa kutaga.

Andikeni pingamizi lenu kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni ya miradi kama huu, kabla leseni haijatolewa, mkiambatisha picha zenye tarehe. Mnaoishi hapo mna kumbukumbu za masika ambazo mtaalamu anayelipwa na mwekezaji hana. Leseni ikitolewa, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inatoa siku 60 za kukata rufaa.

SWALI: Nina mnazi mmoja uani wenye viota vya kwera, na fundi anataka kuukata wiki hii ili tuongeze chumba. Nisubiri?

JIBU: Subiri, ikiwa majike yanaingia na chakula. Tangu yai kutagwa hadi kinda kuruka ni kama mwezi mmoja, lakini kwera hawatagi wote siku moja, kwa hiyo usihesabu kwa kalenda. Ngoja hadi mvua ikatike, pilikapilika zikome na viota vyote viwe vimekauka, kisha mwite fundi upesi, kabla vuli haijaanza na madume kurudi kusuka.