Mtoto hajazaliwa, ana uvimbe kwenye ovari?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina mimba ya wiki 33, juzi kwenye ultrasaundi nikaambiwa mtoto wa kike na ana kifuko cha maji kwenye ovari, sentimita 3. Tangu hapo silali, nawaza kansa tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mama. Hujakosea popote. Homoni zako na za kondo la nyuma zinaamsha ovari za mtoto, ndo maana vifuko hivi huonekana zaidi miezi mitatu ya mwisho, na akishazaliwa homoni zinashuka, vingi vinanywea vyenyewe ndani ya miezi michache. Kansa hapo ni nadra mno.

Mpimaji anaangalia kilivyo: kikiwa cheusi tii ndani, ukuta mwembamba, hicho ni maji tu. Kikionyesha mashapo au kuta za ndani tunashuku ovari imejisokota au damu imevujia humo. Na ahakikishe figo, kibofu na utumbo viko sawa maana vifuko vya huko vinafanana na hiki, hata sisi vinatuchanganya.

Cha sentimita 3 tunakitazama tu, unarudia kipimo kila baada ya wiki mbili tatu hivi. Kikizidi 4 au 5 hatari ya kujisokota inapanda, wengine hunyonya maji kwa sindano mtoto akiwa bado tumboni ila madaktari wanabishana kuhusu hilo. Kisu hakihitajiki kwa sababu ya kifuko peke yake, jifungue kawaida, halafu mtoto apigwe ultrasaundi siku za mwanzoni. Akitapika sana au tumbo likivimba, mpeleke hospitali hapohapo.