Mnauliza, mzee wa reli anajibu: treni za siku moja na amani nyumbani

Maswali yamekuwa mengi, nimechagua haya juu ndio wengi wenu mnarudia. Kitu moja kabla tuanze, ratiba za treni hapa kwetu hubadilika bila kukupigia hodi, kwa hivo chochote nikisema hapa kuhusu saa, hakikisha na stesheni siku moja mbele.

Mzee, mimi niko Kahawa West, napata Jumamosi moja ya kupumzika na pesa ya SGR, ile treni mpya ya Mombasa, sina. Naeza enda wapi na treni nirudi jioni?

Ndugu yangu, kwanza elewa vile treni za Nairobi zimepangwa. Zimepangiwa mtu wa kazi. Asubuhi zinaingia tao, jioni zinatoka, sasa wewe ukitaka kutoka tao saa mbili asubuhi uende Limuru kutembea utakaa kwa benchi mpaka uchoke. Dawa ni kuigeuza, unaamka mapema unapanda matatu mpaka mwisho wa laini, Kikuyu ama Limuru, alafu unarudi tao na treni ukiwa katikati ya watu wa kazi. Ama ufanye kinyume, uende na treni ya jioni urudi na mat. Jumamosi treni hupungua ndio maana nasema uliza kwanza. Wewe hata uko na bahati, laini ya Ruiru inapita hapo kwenu Kahawa, inashuka Githurai, Mwiki, Dandora mpaka Makadara, na sijaona njia ingine ya kuona Eastlands kutoka nyuma ya nyumba badala ya mbele.

Lakini ukiniuliza mimi, laini ya Kikuyu ndio baba yao. Tao iko kama mita 1,660 juu ya bahari na Limuru inapita 2,200, na huo mlima wote treni inaupanda pole pole kwa kuzunguka, unapita Kibera pale nyumba zimesogelea reli mpaka unajua nani anapika nini, unafika Dagoretti, alafu ghafla ni mashamba na baridi na kila mtu anatafuta sweta. Hiyo ni laini ya wale walioanza kujenga Mombasa 1896, wakafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Mbele ya Limuru kuna ule ukuta wa Bonde la Ufa, na kabla laini ya kudumu imalizike walikuwa wanateremsha mabehewa huko chini kwa kamba za chuma. Mi hufikiria hiyo maneno kila nikisikia mtu akilalamika ati treni inaenda mwendo wa kobe.

Zile treni fupi unaziona sikuizi, zenye injini iko ndani ya behewa lenyewe, zilinunuliwa zikiwa zimetumika kutoka kisiwa cha Mallorca kule Uhispania zikaingia 2020. Wazungu walizipanda wakienda biichi, sisi tunazipanda tukienda Embakasi. Naona zimepata maisha ya maana zaidi.

Inawezekana kwenda na SGR na kurudi siku hiyo hiyo? Mombasa najua ni mbali.

Mombasa ni kama kilomita 470 na kitu, usijitese, hiyo ni ya kulala. Lakini kuna mchezo sisi wapenda reli tunaujua na haina siri. Ile treni ya saa mbili asubuhi inayosimama kila stesheni, iko na mwenzake anatoka Mombasa saa hiyo hiyo akija huku. Reli ni moja, haiko mbili, kwa hivo lazima zipishane kwenye stesheni za katikati, moja inaingia pembeni inangoja ingine ipite. Sasa wewe ukishuka Emali mida ya saa nne hivi, yule wa kutoka Mombasa anakupata hapo baada ya saa sita. Unapata masaa mawili ya kuchukua boda uende mjini, ukule mbuzi, ununue vitunguu na embe kama ni msimu, urudi stesheni mapema juu lazima upitie ukaguzi wa mbwa na mashine ya mizigo tena. Kata tiketi zote mbili kabla hujatoka nyumbani, usiende na moja ukitumaini Mungu.

Kaa upande wa kulia ukienda, Kilimanjaro iko huko, na ikikataa kutoka kwa mawingu usinilaumu. Daraja ile ndefu ya ndani ya mbuga ya Nairobi usiitafute kwa hii safari, hiyo iko upande wa kwenda Ngong. Ekonomi viti vinatazamana, watu watatu upande huu wawili upande ule, kuna uwezekano mkubwa utasafiri ukienda kinyumenyume na magoti ya mgeni yako kwa yako. Kutoka Januari 2024 ekonomi mpaka Mombasa ni 1,500, ilikuwa 1,000, Emali ni chini ya hapo.

Mume wangu kila Jumapili ni treni. Juzi amekuja na msumari mkubwa wa reli akauweka kwa kabati ya vyombo. Wewe bibi yako anakuvumilia aje? Niko Githurai.

Shemeji, tuanze na msumari. Huo atoe kwa nyumba leo, apeleke stesheni ampatie mkubwa wa hapo. Hiyo misumari ndio inashika reli kwa mataruma na hapa Kenya watu wameng'oa chuma ya reli wakauzia watu wa skrap mpaka imekuwa kesi ya kufungwa, sasa akipatikana nayo hakuna askari atamwamini akisema ati yeye ni mpenzi wa historia. Kwangu hakuna chuma ya reli hata moja. Mpenda reli anachukua picha na tiketi, basi.

Kuhusu mama watoto. Tunaishi Makadara, nyumba ya juu, dirisha la jikoni linaangalia reli, na hiyo nyumba mimi ndio nililia nayo wakati tulikuwa tunatafuta, yeye alitaka Umoja kwa dadake. Kwa hivo nilianza ndoa nikiwa na deni. Tulikaa chini tukapanga. Pesa ya treni inatoka kwa lanchi yangu, haigusi fee wala kodi. Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ya kanisa na wakwe, hata kama kuna kichwa kipya cha treni kimeletwa siendi kukiona. Vitreni vyangu vya katoni na gundi vinakaa juu ya kabati na chochote kikianguka chini ni cha mtoto, hakuna rufaa.

Alafu hii ndio nilijifunza kwa shida na nakupatia bure umwambie bwana yako: safari ikirudi na kabeji na viazi za Limuru kwa bei ya shamba, hakuna mtu atauliza sana ulikuwa wapi. Siku hizi mama watoto ndio ananiuliza, kwani wiki hii hauendi? Na ameanza kujua honi. Ya treni fupi ni nyembamba, ya kichwa cha mizigo unaisikia kwa kifua. Anakataa kwamba anajua lakini juzi alimwambia jirani kwa simu, ngoja hiyo ya mafuta ipite ndio nikusikie, na ilikuwa ya mafuta kweli.

Muulize pia kama unaweza kwenda naye siku moja. Sio kila siku. Moja tu, na yeye ndio abebe chai.

Ile behewa ya simba pale makumbusho ya reli ni ukweli ama ni hadithi za kuuzia watalii?

Ukweli kabisa, isipokuwa watu huchanganya simba. Wale wa Tsavo walikula wafanyakazi wa daraja 1898, wakapigwa risasi na leo wako huko makumbusho ya Field, Chicago. Behewa yetu ni ya simba mwingine, wa Kima, mwaka wa 1900. Afisa wa polisi anaitwa Charles Ryall alilala ndani ya hiyo behewa akimvizia simba, usingizi ukamshika yeye, simba akaingia akamtoa. Hapo Kima kwenyewe ni stesheni ndogo tu, hakuna kitu kinakuonya.

Makumbusho ilifunguliwa 1971, unatembea kwa mguu kutoka stesheni ya tao, na kwa maoni yangu ni pesa ndogo zenye faida kubwa kushinda kitu ingine yoyote tao. Watoto wanaruhusiwa kupanda vichwa vya zamani na kushika vyuma.

Kwa nini 5918 inasifiwa hivyo? Si ni treni ya moshi tu kama zingine.

Wewe! Hiyo ni Mount Gelai, kichwa cha moshi kiko pale makumbusho ya reli. Zilikuwa 34 za aina yake, zikatengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakuna kichwa cha moshi cha reli ya mita moja kimewahi kuwa na nguvu kushinda hizo, dunia nzima. Zaidi ya tani 250. Siri yake ni kwamba tanki la kuchemshia maji linaning'inia katikati, na miguu, yaani magurudumu, iko seti mbili, moja mbele moja nyuma, zinajikunja kila moja kivyake, ndio mzigo mzito hivyo ukaweza kupita kona kali za Mombasa mpaka Nairobi bila kung'oa reli. Zilichoma mafuta mazito, sio makaa, fundi hakukuwa na koleo. Ukienda simama pembeni yake katikati, pale inajikunja, utaelewa kuliko hii kelele yangu yote.

Kwa nini hawaunganishi tu reli ya zamani na SGR, treni moja ipite kote?

Upana. Ya zamani ni milimita 1,000, SGR ni 1,435, magurudumu hayaingiliani. SGR ilifika upande wa Naivasha 2019, na kwa stesheni ya mizigo wakajenga kipande cha reli ya zamani mpaka Longonot ili kontena zihamishwe zielekee Malaba. Na mkiambiwa treni ya Naivasha jueni stesheni ya abiria iko Suswa, sio Naivasha mjini. Kuna watu wameshuka huko na floti za kuogelea.

Naeza piga picha stesheni?

Uliza askari kwanza. Akikataa, weka simu mfukoni, nenda makumbusho.

Mtoto wangu ana miaka minne, anapenda treni kukufa. Nianze naye wapi?

Dadangu, usianze na SGR, atalala kabla ya Athi River na umelipa nusu bei. Mpeleke Syokimau na treni ya tao, hiyo laini ni fupi na ina safari nyingi kidogo kushinda zingine, stesheni yenyewe ilifunguliwa 2012 iko na nafasi ya kukimbia. Kaeni behewa la kwanza. Beba andazi na nguo ya kubadilisha, na mwambie kabisa kabla hamjatoka kwamba mtarudi na matatu, usingoje kumwambia mkiwa huko.