Mwenzangu anajibu tu "iko sawa"

SWALI: Shikamoo mama. Miezi kadhaa sasa naandika programu nikisaidiwa na akili mnemba. Kazi iliyokuwa ikinichukua wiki nzima naimaliza kwa siku moja. Taabu ni ukaguzi. Nikimpelekea mwenzangu msimbo (maandishi ya programu) aukague, ama anakaa nao siku nne bila neno, ama anajibu "iko sawa" kufumba na kufumbua. Nikiiuliza akili mnemba yenyewe, inasifu kazi yake. Je, ukaguzi una faida tena? Na kama unayo, niuombe vipi?
Msomaji mwenye haraka

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukuniambia unampelekea mistari mingapi kwa mpigo, lakini kazi ya wiki iliyoisha kwa siku moja najua uzito wake.

Nilipoanza kutumia akili mnemba, jioni moja nilimtumia mwenzangu mistari 1,900 pamoja na maneno manne: "Naomba upitie malipo haya." Alirudisha maoni mawili, yote kuhusu majina ya vigeu, yaani majina tunayoipa data ndani ya msimbo. Humo ndani mlikuwa na funksheni fupi (kipande cha msimbo chenye kazi moja): seva isipojibu katika sekunde 10, tuma malipo tena. Haikuangalia kama ombi la kwanza limeshapokelewa. Seva ikichelewa kidogo tu, mteja anakatwa pesa mara mbili. Na majaribio yote yalikuwa yamepita! Akili mnemba iliandika funksheni, ikaandika na majaribio yake, kwa seva ya kuigiza ambayo ama inajibu upesi ama haipokei kitu kabisa. Seva inayopokea pesa kisha ikachelewa kujibu haikuwazwa popote. Tuliigundua wiki mbili baadaye, wateja walipoanza kulalamika. Mwenzangu yule hakuwa mvivu. Mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kuona.

Hata msimbo wa binadamu hupita hivyo. Hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, iliyotangazwa mwaka 2014, ilitokana na kukosekana kwa hakiki ya urefu wa data. Ilikuwa imekaguliwa kabla ya kutolewa mwaka 2012. Funksheni yangu nayo ilikosa sharti moja. Mkaguzi hawezi kugundua pengo kama hajui pale palitakiwa pawe na nini, na hilo ni wewe wa kumwambia.

Kwa hiyo omba ukaguzi kila kipande kinapokamilika, kabla hujaanza kingine. Ushauri unaojulikana, uliotokana na utafiti uliofanyika katika kampuni ya Cisco, ni mistari 200 hadi 400 kwa kikao. Mimi naona hata 200 ni mingi pesa zikiwemo. Na usimpelekee mtu mstari ambao wewe mwenyewe hujausoma. Hapo sina msamaha, kwa sababu utakuwa umemtwika mwenzako kazi yako.

Siku hizi ombi langu huwa hivi: "Funksheni hii inarudisha pesa za mteja. Sharti: asirudishiwe mara mbili hata mtandao ukikatika katikati. Akili mnemba imeandika sehemu kubwa. Nimeisoma yote na kuijaribu kwa kukata mtandao. Sina uhakika na mstari wa 40 hadi 62, pale tunapohifadhi namba ya muamala. Naomba uanzie hapo." Mtu akipata ujumbe kama huo hawezi kukujibu "iko sawa" tu, maana umemuuliza swali lenye jibu.

Kuhusu kuiomba akili mnemba ikague, iombe, ila si katika mazungumzo yaleyale iliyoandikia. Mle ndani imeshabeba dhana zake zote na maelezo yako ya kuzitetea. Fungua mazungumzo mapya, uipe sharti la kazi na mabadiliko yenyewe, basi. Usiulize "ni nzuri?" Iulize ni katika hali gani msimbo huu utavunja sharti, na idai mfano wa data itakayouvunja. Itakuletea makosa ya kweli na mengine ya kubuni. Kila moja liandikie jaribio. Lisilothibitika liache, na usiikubalie irekebishe kitu ambacho hujakielewa. Maktaba za nje, yaani misimbo ya watu wengine ambayo programu yako inaitumia, zikague kwa mkono wako, jina kwa jina. Wakati mwingine akili mnemba hutaja maktaba isiyokuwepo, na mhalifu anaweza kusajili jina la namna hiyo na kuweka humo programu hasidi.

Ukaguzi wa namna hii uje kwanza, umsafishie njia mwenzako, yeye abaki na yale yanayohitaji mtu anayewajua watumiaji wenu.

Kazi ile iliyokaa kwake siku nne, mwombe radhi na uiondoe leo. Ikate vipande. Kama kuna sehemu inayogusa pesa au nywila, mtumie hiyo peke yake kwanza, pamoja na sharti lake na mistari inayokutia wasiwasi.