Wasomaji wauliza: King'ora cha mazuku kinachonyamaza shimoni

SWALI: Jambo wahariri. Tuko vijana tisa, tunakutana kwenye kituo cha teknolojia cha mtaa wetu. Watoto wanaochunga mbuzi kando ya ziwa wanapita karibu na mashimo ya mazuku, ile gesi ya sumu inayotoka ardhini, tukaona tuwawekee king'ora. Tumeunganisha kihisi cha MQ-135 na ESP32, kidhibiti kidogo cha kuendesha kifaa. Kituoni kinalia jirani akiwasha tu makala ya jikoni, lakini tukikishusha shimoni, mahali tunapookota ndege waliokufa, kinanyamaza. Kodi, yaani maagizo ya programu, tumeikagua mara tatu. Kosa liko wapi?
Vijana wa Keshero, Goma

JIBU: Kodi yenu iacheni, kosa liko kwenye kihisi. MQ-135 inanusa moshi, mvuke wa pombe na amonia. Mazuku ni kaboni dioksidi, na gesi hiyo kihisi hicho karibu hakiihisi kabisa, hata kama muuzaji ameandika CO2 kwenye pakiti.

Tafuteni kihisi kinachopima kwa mwanga wa infraredi. Cha bei ya chini ni MH-Z19B. Aina inayouzwa sana inaishia sehemu 5,000 kwa milioni, kiwango ambacho viwandani ndicho kikomo cha siku ya kazi ya saa 8. Hatari ya haraka huanza kwenye 40,000, na ikifika 100,000, yaani asilimia 10, mtu huzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo MH-Z19B inafaa kusema "ondoka", haifai kusema gesi ni kiasi gani. Mkitaka kupima kiasi, kuna kihisi kingine, STC31, inayofika asilimia 25 na zaidi, ila lazima mwipe pia vipimo vya joto na unyevu wa hewa.

Sasa sikieni jambo linaloweza kuua. MH-Z19B ina tabia ya kujirekebisha yenyewe: kila saa 24 inachukua kipimo cha chini kabisa ilichokiona na kukihesabu kuwa hewa safi, yaani 400. Ofisini hiyo ni sawa, madirisha hufunguliwa. Shimoni hewa safi huenda isifike siku nzima, basi kihisi kitaizoea sumu na kuiita hewa ya kawaida. Zimeni tabia hiyo kila mnapowasha kifaa, kwa kutuma baiti hizi: FF 01 79 00 00 00 00 00 86. Halafu kila wiki mbili kipelekeni mahali pa juu penye upepo, kikae dakika 20 kimewaka, ndipo mkirekebishe kwa mkono.

Kumbukeni pia kwamba Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kihisi kinasoma pungufu kwa karibu asilimia 16. Zidisheni kipimo kwa 1.19.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatulia chini kama maji kwenye beseni. Wekeni kihisi sentimita 30 kutoka ardhini, kimo cha pua ya mbuzi na cha mtoto aliyeinama, si kifuani pa mtu mzima. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, shimo hujaa; kwa hiyo jaribio la saa sita mchana halithibitishi kitu. Kifaa kishusheni kwa mti wa mita 3 mkiwa ukingoni, upande upepo unakotoka, wawili wawili. Mtu akianguka, asishuke mwingine kumfuata. Wengi wamekufa hivyo. Na mshumaa msiutumie kupima: unapozimika, gesi imeshapita kiwango cha kumwangusha mtu.

Umeme: MH-Z19B inataka volti 5 zilizotulia na dakika 3 za kupata moto. ESP32 inapotuma ujumbe huvuta umeme mwingi kwa ghafla, kifaa kizima kinajizima na kuwaka upya. Kapasita (kifaa kidogo kinachotunza umeme) ya mikrofaradi 470 kando yake inatuliza hilo. Toboeni kasha upande wa chini ili mvua isiingie.

La mwisho, na hapa hatutaki mpunguze: taa ya kijani imetamete kila sekunde 10 kifaa kikiwa kinafanya kazi. Watoto wafundishwe kwamba kama hakuna taa, hakuna kupita. King'ora kilichokufa kimyakimya kinawapa imani ya uongo, afadhali kisingekuwepo. Kabla ya kusimika, nendeni kwa watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano, mkiwa na mchoro wenu.

SWALI: Kituo chetu kina kompyuta ndogo 6, ruta na taa 2. Tulinunua betri mbili za gari, zimekufa kabla ya miezi sita. Tufanyeje?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Mkiikamua kila siku, sahani zake za risasi zinaharibika.

Pigeni hesabu. Kompyuta 6 za wati 45 ni 270, pamoja na ruta na taa tuseme 300. Kwa saa 5 ni wati-saa 1,500. Betri za risasi za sola msizishushe chini ya nusu, kwa hiyo nunueni ampea-saa 250 kwa volti 12. Za lithiamu (LiFePO4) zitatosha 160. Kwa mawingu yetu hesabuni saa 4 za jua kwa siku: paneli za wati 500.

Wengi hukosea kwenye waya. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25. Ukitumia waya wa milimita mraba 2.5 kwa mita 3, volti moja nzima inapotea njiani na inveta inajizima huku betri imejaa. Wekeni inveta kando ya betri, waya wa milimita mraba 10, na fyuzi ya ampea 40 karibu na ncha ya chanya.

SWALI: Kituo kimefunguliwa mtaani kwetu, lakini wanaoingia ni wavulana wa chuo tu. Sisi tunaouza mboga kitatufaa nini?
Mama wa Ndosho, Goma

JIBU: Mama, waombeni waweke daftari mlangoni. Kila mwenye shida aandike, au aandikiwe: mboga zinaoza siku ya ngapi, maji yanakatika lini, mzani wa soko unadanganya kiasi gani. Kila mwezi ichaguliwe moja, na aliyeileta awepo kifaa kinapojaribiwa, yeye ndiye aseme kimefaa au hakijafaa. Na saa zibadilike. Kituo kinachofunguliwa wakati wa soko na jioni gizani kimewafungia ninyi mlango. Daini muda wa saa mbili baada ya soko, kabla ya jua kuzama, mara mbili kwa wiki, na zibandikwe ukutani.