Nirekodi kwa 44.1, 48 au 96?

Swali: Narekodi nyumbani, Umoja, Nairobi. Nina laptopu yenye RAM ya GB 8, intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta) ya maiki mbili na maiki ya Shure SM58. Naimba juu ya midundo ninayopakua mtandaoni, kisha wimbo unawekewa video. Prodyuza mmoja ameniambia nirekodi kwa 96 kHz ili sauti iwe safi, lakini nikifanya hivyo sauti inakatika na kukwaruza. Nichague ipi?

Jibu: Chagua 48 kHz, biti 24 (ukubwa wa namba inayoandika kila kipimo cha sauti), na uweke hivyo kabla hujaimba hata neno moja.

Kasi ya sampuli, yaani hizo kHz, ni idadi ya mara ambazo intafesi inaipima sauti kila sekunde, na hunasa masafa hadi karibu nusu ya kasi hiyo. Kwa 48 unafika karibu 24 kHz, ilhali sikio la binadamu, hata la kijana, huishia kama 20 kHz. Maiki yako yenyewe, kwa vipimo vya mtengenezaji, hushika kuanzia Hz 50 hadi 15,000. Kwa hiyo 96 inatenga nafasi ya sauti ambazo SM58 haikuzileta. Inamfaa, kwa mfano, anayerekodi sauti ili aipunguze mwendo sana baadaye. Wewe unaimba tu.

Mikwaruzo inatokana na muda. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo mmoja) ikiwa sampuli 128, kwa 48 kompyuta ina milisekunde 2.7 za kumaliza kila fungu. Kwa 96 inabaki na 1.3. Ikichelewa, sauti inakatika, na mara nyingi mkatiko huo huingia ndani ya rekodi yenyewe. Diski nayo inaumia: traki moja ya mono, biti 24, hula kama MB 8.6 kwa dakika kwa 48, na mara mbili yake kwa 96.

Kati ya 44.1 na 48 hutasikia tofauti ya ubora. Nakupa 48 kwa sababu video hutumia 48, na wimbo wako unaelekea huko.

Jambo linaloharibu kazi za nyumbani zaidi ni kasi kutolingana. Midundo mingi ya mtandaoni ni ya 44.1. Programu ikiisoma kama ya 48 bila kuibadilisha, mdundo unakwenda mbio na kupanda karibu nusutoni moja na nusu; utaimba ufunguo usio wako bila kujua. Basi fanya hivi: funga kivinjari, fungua paneli ya intafesi uweke 48000, kisha uweke 48000 kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, upande wa kusikiliza na wa kurekodi. Anzisha mradi mpya kwa 48000, ndipo uingize mdundo. Linganisha urefu wake na ule unaoonekana kwenye simu. Mdundo wa 3:20 ukisoma takriban 3:04, haukubadilishwa. Usirekodi mpaka urekebishe.

Wakati wa kuimba acha bafa kwenye 128, au 256 laptopu ikilemewa. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1024.

Usafi anaoutafuta prodyuza wako utaupata kwenye gain (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) na chumba. Biti 24 zinakupa nafasi tele, kwa hiyo vilele vya sauti viache kati ya -12 na -10 dB. Ukigonga 0, mpasuko hautoki tena. Kaa mbali na dirisha la barabarani na utundike blanketi zito nyuma yako unapoimba, kwa sababu SM58 husikia zaidi mbele yake, na mbele yake ni wewe na ukuta ulio nyuma yako.

Ukimaliza, toa WAV ya 48, biti 24, kwa ajili ya video. Msambazaji akitaka 44.1 ya biti 16, toa nakala ya pili kutoka kwenye mradi uleule, ukiwasha dither (kelele ndogo sana inayoficha makosa ya kupunguza biti). Nyimbo ulizokwisha kuanza kwa 44.1 zimalizie hukohuko. Usibadilishe kasi katikati ya mradi.